Butiki yenye haina bintu

Hapana, patron, sikulala ku mikro. Nilinyamaza macho wazi.

Ni vile nilimujibu leo mangaribi, mu salle yake ya filme hapa Rughenda, alipokasirika juu nusu ya batu balitoka. Kazi yangu, nasomaka maandiko ya kifaransa chini ya picha, nasema mu Kiswahili, batu basikie. Mbele niingie mimi, ilikuwa kazi ya banaume tu, na bale banaongezaka maneno yabo. Patron anapenda vile.

Lakini leo ilikuwa filme ya Bagiriki ba sasa, cousin yangu wa Beni alinitumia.

— Mimi Bagiriki najua ni ba mu Biblia, patron alisema. Bale banaongeaka sana!

Hawa ba sasa hapana. Inchi yabo ilianguka mu madeni, batoto benye diplome bakaenda kutafuta kazi mbali. Nimeangalia filme zabo ine: kila mara batu banakula pamoja, na hakuna mwenye anataja shida ya mu nyumba.

Mu hii, muzee anafungua butiki yake kila asubui, anapanguza étagères za kupangia bintu. Hata sabuni moja haiko. Anakaa. Hakuna neno. Batu bakaanza kupiga miluzi: «Dada, sema! Uko na njaa?» Nikaogopa. Nikamutilia muzee maneno mu kinywa: «Karibu bakiliya, leo bei iko chini!» Salle yote ikacheka.

Mama mumoja wa mbele, mwenye anauzishaka bunga ku soko, akageuka.

— Mutoto, hakusema vile.

— Mama, ni ya kuchekesha tu.

— Mwenye anafungua butiki ya bule hasemake kitu. Mimi nilifanyaka vile mu butiki yangu kule Eringeti, napanguza, napanguza, juu majirani basiseme nimeanguka. Nyamaza, tuone.

Nikazima mikro. Benye kutaka kucheka bakatoka. Bale balibakia bakaangalia mupaka mwisho.

Patron aliona tu biti bya bule.

— Jumapili bakitoka tena, mikro narudishia mwanaume.

Nikamuambia ile «karibu» ilikuwa bongo yangu, muzee hakuisema, sitarudilia. Akanigeuzia mugongo.

Sawa. Kesho asubui, mbele afungue, niko ku mulango yake: Jumapili tunaweka ileile filme. Nitabaambia batu mbele ianze, nitasema tu yenye Bagiriki banasema. Mwenye anataka kelele, atoke sasa. Lakini mbele ya kufika kwake nitapitia ku soko, nimualike ule mama, alete na bengine benye balifungaka butiki.