Nahodha Aliyefufuka Tassia

Upumbavu nimeuona mwingi mitaani kwetu, lakini ule wa kundi letu la Jumamosi pale Tassia ungejaza ghorofa saba na wapangaji wengine wakalala kwenye ngazi. Tulikuwa watu sita. Tulikutana kwenye kibanda cha kujaziwa filamu kwenye flashi, tukachambua tamthilia moja ya watu wanaoishi ndani ya chombo cha angani, kana kwamba ingekuja kwenye mtihani wa taifa.

Mkuu wetu alikuwa karani wa ghala, mtu asiyeweza kuona mlango ukifunguka bila kusema, "Hapo pana maudhui." Maji yakiisha chomboni, huo ni ukoloni mamboleo. Mpishi akipiga chafya, hiyo ni nafasi ya mfanyakazi katika jamii. Lakini kipenzi chake kilikuwa ufufuo. Nahodha, mama mmoja mkavu wa maneno, alikufa katika sehemu ya tatu tuliyoitazama. Katika ya tano alikuwa amekaa anakunywa kahawa, na hakuna aliyeshangaa.

"Wakati kule unazunguka," karani alisema, povu mdomoni. "Kifo ni kituo tu."

Nilimdharau, na nilikitamani kiti chake. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni nikitoka kiwandani na gundi vidoleni, nikapata cheti. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo pale, alinikatiza: "Buda, ngojea kwanza ngumbaru iishe." Walicheka mpaka mabati yakatikisika. Basi nikaandika. Daftari zima juu ya wakati unaozunguka, nikitumia kila neno gumu nililolipia karo. Baada ya kuombwa mara elfu moja hivi, karani alikubali nilisome mbele ya wote.

Siku moja kabla, nilipeleka flashi yangu Makongeni kwa shangazi, mjane wa fundi wa reli, nikahakikishe mambo mawili matatu kwenye runinga yake kubwa. Alitazama nami huku akikata sukuma. Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili ilipoanza, kisu kilisimama.

"Huyu mama amefungwa bandeji. Ameumia saa ngapi?"

"Anti, huku wakati unazunguka."

"Unazunguka wapi? Hebu rudi nyuma nione hiyo orodha."

Kwetu Tassia kila faili lilianza na jina refu la kibanda, likajaza mstari wote wa skrini, nambari za sehemu zikakatwa. Kwa shangazi lilionekana mpaka mwisho. Akasoma kwa sauti: "Moja. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mbili. Tatu." Akanitazama. "Mashine imepanga kwa tarakimu ya kwanza tu, kama mtoto wa nasari. Na nyinyi mna vyeti."

Nilicheka hadi machozi. Halafu nikakumbuka daftari.

Jumamosi ningeweza kunyamaza, nisome, nipigiwe makofi. Badala yake niliwaambia yote. Kwamba nahodha alikufa katika sehemu ya kumi na moja, na kahawa aliinywa katika ya pili, akiwa bado hajafa. Kwamba ule "mwisho wazi" tuliousifia, chombo kikiachwa mlangoni mwa sayari ngeni, ulikuwa mwisho wa sehemu ya tisa tu.

Karani alijikuna kidevu kama anayetafuta maudhui humo.

"Sasa," akasema, "mashine kukosea, hayo nayo si maudhui?"

Wakaitikia kwa vichwa, wote wanne. Mmoja aliandika.

"Kuja hapa, msomi," karani akaniambia, akanisogezea kiti chake mwenyewe. "Soma tu. Leo uko sawa."

Mwaka mzima nilikuwa nimekitaka kiti kile. Nilikitazama, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, nikawaona wale watu wazima waliokuwa tayari kupigia makofi kitu ambacho sote tulijua ni uongo. Nikachukua daftari langu nikaondoka.

Nilitazama zote upya na shangazi, kwa nambari. Nahodha akafa katika ya kumi na moja. Ikaja ya kumi na mbili. Nilijikuta namngoja atokee mlangoni mwa chombo na kikombe chake cha kahawa. Hakuja.

"Ameenda huyo," shangazi alisema, akazima.

Nilikuwa nimemwona akifa mara nyingi kuliko nilivyokula chapati, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumhuzunikia. Kule Tassia, nasikia, bado anafufuka kila Jumamosi.