Matofali Yasiyo na Karanga

Watoto wa darasa la binti yangu waliviita matofali, na siwalaumu. Vile vipande vyangu vya kwanza vya mchele na asali vilikuwa vigumu kweli. Mume wangu aliuma kimoja, akashika shavu, akaniuliza kama nina mpango wa kumjengea nyumba. Nilimwambia anyamaze ale.

Siku hizi vinatoka vizuri. Nakaanga mchele bila mafuta mpaka uwe mwekundu na uanze kupasuka, kisha nautwanga nusunusu, usifike kuwa unga. Mbegu za maboga nazimenya kwanza, kazi ya kumaliza kucha, halafu nazikaanga peke yake. Asali inayoshuka kutoka milimani naichemsha pamoja na ndizi mbivu zilizopondwa, mpaka mwiko uwe mzito mkononi. Nachanganya vyote, namwaga juu ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, nagandamiza kwa chupa, na kukata vingali vuguvugu. Ukingoja vipoe utatafuta shoka.

Karanga hazimo. Hilo ndilo jambo lote. Binti yangu akila karanga midomo inavimba, ngozi inatoka mapele, na koo linabana mpaka pumzi inapiga mluzi. Tulilijua hilo kwenye harusi ya jirani, kwa sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga. Tulimpakia kwenye pikipiki, baba yake mbele, mimi nyuma, mtoto katikati, nami nilikuwa nalia barabara nzima bila aibu. Hospitalini muuguzi mmoja alimchoma sindano, akakaa naye mpaka mluzi ukaisha, ndipo akatuambia mtoto huyu asiguse karanga tena, hata punje. Sikumuuliza jina lake. Kila nikiona koti jeupe namwombea heri.

Sasa jaribu kuishi hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, bila karanga. Zimo kwenye sombe, zimo kwenye uji wa mtoto anayeachishwa ziwa, zimo hata kwenye zile pakiti za lishe wanazopewa watoto waliokonda. Mgeni akiingia unamwekea karanga sahanini kabla hujamuuliza habari za alikotoka. Na juu ya hayo, mama mkwe wangu, tunayeishi naye ua mmoja, alikuwa muuza karanga. Alizileta kutoka Swima, akazikaanga kwenye mchanga wa ziwa, akaziuza sokoni tangu mume wangu akiwa mgongoni mwake. Wanawe wote walisoma kwa karanga.

"Mi sijaona bado muntu anakufa juu ya karanga," aliniambia tuliporudi kutoka hospitalini. "Batoto yangu yote ilikomaa na karanga. Angalia bwana yako, iko na kosa gani?"

Kuhusu makosa ya mume wangu nilikuwa na jibu refu, lakini nililimeza.

Shida kubwa ilikuwa shule. Saa ya mapumziko wanawake wanakaa mlangoni na karanga kwenye karatasi zilizosokotwa, na kashata za karanga zinazong'aa kwa sukari. Na watoto wetu hawali peke yao. Mwenye andazi analikata, mwenye karanga anamwagia mwenzake kiganjani, na anayejificha na chakula chake anaitwa mchoyo mpaka amalize shule. Ningemkataza binti yangu asipokee, angekaa peke yake ukutani. Na mtoto wa umri ule, akiachwa ukutani siku nyingi, siku moja ataonja tu. Kwa hiyo nilihitaji kitu kitamu kuliko kashata, na kiwe kingi, ili yeye ndiye awe anayegawa. Nikajaza kibakuli cha mfuniko hadi juu, nikamwambia: wewe gawa, usipokee. Matofali yalipolainika kidogo, kibakuli kilianza kurudi kitupu. Nilijiona mshindi.

Kisha, siku moja isiyo ya shule, alikula kipande mlangoni pa jiko, miguuni pangu, kikiwa bado na moto. Sijamaliza kukata, nikasikia anakohoa. Nilipogeuka, jicho moja lilikuwa limevimba hadi kufumba.

Hospitali ilikuwa imetupa dawa ya kuweka nyumbani. Tulimpa, tukambeba, na Mungu alitusaidia, maana safari hii haikufika kwenye mluzi. Jioni ileile alikuwa amekaa uani anadai ugali. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya sinia la vile vipande, sielewi. Mchele, mbegu, ndizi, asali. Shule haikuwapo, muuzaji hakuwapo. Nilitafuta wa kumgombeza nikamkosa, na mimi nikikosa wa kumgombeza huwa naogopa sana.

Aliyejua ni mama mkwe. Alienda kwenye kinu nilimotwangia mchele, akainama, akaingiza uso ndani, akanusa. Akapitisha vidole chini kabisa, kwenye ule mti uliolainika kwa miaka, akavitazama.

"Jana nilitwangaka karanga ya mama wa pembeni," alisema. "Kinu nikaisafisha. Nikaianika ku jua."

Ndivyo tunavyofanya sisi sote. Ua mmoja, kinu kimoja: asubuhi majani ya muhogo, mchana karanga, jioni pilipili, katikati maji na jua, basi, kinu ni safi. Hakuna mwanamke Baraka ambaye angefanya vingine. Lakini mti hunywa mafuta, na maji hayayatoi.

Nilimngoja aseme tena kwamba hajaona mtu anakufa kwa karanga. Badala yake alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akimtazama mjukuu wake anavyokula ugali kwa jicho moja.

Wiki haikuisha, fundi akaleta kinu kipya, kidogo, cheupe bado. Mama mkwe alikiweka chumbani kwangu, wala si jikoni. "Hii iko ya mutoto," alisema. "Muntu akiiomba, umuambie imepasuka." Nilicheka, nikamshukuru, nikadhani mambo yamefika mwisho wake. Alikuwa amenipa zaidi ya nilichothubutu kuomba.

Kilichobaki sikukitaja, kwa sababu kilikuwa mkate wake. Kila alasiri alirudi kutoka sokoni na vumbi la maganda ya karanga kwenye kitenge, na mtoto alimkimbilia. Nilikuwa namwita mtoto kwa visingizio: njoo ushike hiki, nenda ukalete kile. Bibi yake aliona. Mtu aliyeuza sokoni miaka yote hiyo anaona kila kitu.

Siku moja alirudi na beseni tupu lenye magamba ya samaki. Kumbe asubuhi alikuwa amekwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akanunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, akawauza. Ndagala! Mwanamke huyuhuyu alikuwa akifunika pua akipita kwenye meza za samaki, akisema yeye ni mtu wa karanga, bidhaa isiyooza wala kukusanya nzi. Kesho yake akaenda tena. Mpaka leo anaenda, na mpaka leo analalamika: harufu, nzi, bei, mvua ikinyesha kabla hawajakauka. Sababu hajanieleza.

Ila nilimsikia. Nilipita sokoni nikitafuta mbegu za maboga, nikamkuta mteja wake wa zamani amesimama mbele ya meza yake, anamuuliza kwa nini ameacha karanga, zilizomfanya ajulikane kutoka Nundu mpaka huku.

"Zilinisomeshea batoto," alimjibu, akifukuza nzi. "Ile kazi ikaisha. Sasa niko na mutoto mwingine, na huyu anataka ndagala."

Niligeuka nikarudi nyumbani bila mbegu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi na sikutaka anione. Ninamshukuru, na kumwambia usoni nashindwa, kwa kuwa nikianza tu ananiuliza kama chakula kimeiva.

Alasiri hiyo aliporudi, mtoto alimkimbilia, akampanda mapajani, akazika uso kwenye kile kitenge mpaka akasinzia. Sikumwita. Nilipokwenda kumchukua nimlaze, alikuwa ananuka ndagala mpaka kwenye nywele, na alikuwa anapumua vizuri.