Koplo Aliyekaa Mlangoni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau: siku mwenyekiti wa kijiji chetu aliponiambia, mbele ya mkutano mzima, kwamba jeshi limeniharibu.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja hapa kwangu unalia. Umemaliza utumishi wako jeshini, unataka kugombea uenyekiti wa mtaa, na watu wanakuita jike-dume. Sikukupa pole. Pole nilikuwa nayo, lakini niliiweka kwanza. Pole haimsimamishi mtu. Humkalisha tu vizuri zaidi. Sasa tulia unisikilize.

Mimi nilijiunga na jeshi nikiwa msichana, nikafundishwa kuendesha lori. Vita vya Kagera vilipozuka, kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula mbele na kurudi na majeruhi. Barabara ni tope, usukani mzito kama jiwe la kusagia, na nyuma yangu wanaume wazima wanamwita mama. Nilirudi salama nikiwa na cheo cha koplo. Nilipostaafu nilirejea kwetu, kijiji kilicho juu ya Mkuyuni, unapopanda mlima kwa miguu kupitia migomba. Nikalima, nikauza ndizi, na kwa kuwa wilaya ilihitaji mtu wa kufundisha mgambo, nikafundisha mgambo. Vijana wa kijiji walishika fimbo badala ya bunduki, wakapiga kwata uwanjani hadi vumbi likapaa. Hapo hakuna aliyelalamika kwamba mwalimu ni mwanamke. Jasho lilikuwa langu na sifa ilikuwa ya mwenyekiti.

Zilikuwa nyakati za ruksa, mwanangu, serikali ilipofungulia watu biashara. Ninyi mmekuta maduka yamejaa, hamjui foleni ya sukari tuliyopanga sisi. Ruksa ilileta mema yake, sikatai. Aisifuye mvua imemnyea. Lakini ilileta pia tamaa ya kuuza kila kisichokuwa na mtu wa kukisemea. Mjini Morogoro viwanda vilifungwa, huku kwetu chama cha ushirika kikafa, na ghala lake likabaki tupu, makazi ya popo.

Ghala lile tulilijenga sisi wenyewe. Mawe yake yalitoka mtoni vichwani mwa wanawake, na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahamisi, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo ushirika ulipokufa, kina mama tulikubaliana: ghala liwe zahanati. Maana kwetu mwanamke akishikwa na uchungu ukamzidi, alibebwa kwa machela mpaka Mkuyuni kutafuta gari. Njia inateremka, inapinda, inateleza. Mdogo wangu Hadija alibebwa hivyo. Mimi mwenyewe nilishika mti wa mbele wa machela. Hakufika, wala mtoto hakufika.

Sasa siku ya mkutano, mwenyekiti wetu, Mzee Kondo, akasimama akatangaza kwamba ghala amepewa tajiri mmoja wa mjini ahifadhie machungwa na ndizi zake. Akasema ni maendeleo. Nikanyoosha mkono, nikauliza ni mkutano gani uliokubali. Mzee Kondo akanitazama, akatabasamu.

"Keti, Koplo. Hapa si kambini. Jeshi limekuharibu, umesahau kuwa mwanamke."

Watu wakacheka. Wanaume walicheka wazi, na wanawake, wale wale tuliokubaliana nao, wakacheka wakificha midomo kwa kanga. Hicho ndicho kilichonichoma. Nilikaa. Mjomba wangu, ambaye kwa mila yetu ya Kiluguru ndiye mkubwa wa ukoo, aliniinamia akaninong'oneza, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Utaolewa na nani ukiendelea hivi?"

Nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikaanza kufunga mizigo. Nilikuwa na mawazo ya kushuka mjini, niende Msamvu yanakopita malori nikatafute kazi ya udereva, niachane na watu wa mlima na ghala lao. Bi Mwanahamisi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliendelea kumenya, kisha akasema, bila kuinua uso:

"Ulikwenda kulinda mpaka wa watu usiowajua hata majina. Leo kizingiti walichojenga mama zako kinakushinda?"

"Bibi, wamenicheka."

"Kicheko kinavunja mfupa gani?" Sasa aliweka kisu chini. "Kumbe zile nguo za jeshi walikupa za kujifichia. Mimi nilidhani walikupa za kuvaa. Mwenzako Hadija hakupata nafasi ya kuchekwa. Wewe umeipata, unaikimbia?"

Mwanangu, nimewahi kukaripiwa na masajenti waliokuwa na koo kama tarumbeta. Hakuna aliyenifikia moyoni kama bibi yule mwenye kisu cha kumenyea ndizi. Nikafungua mizigo.

Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, nikaenda kukaa mlangoni pa ghala. Peke yangu. Nilitandika kanga nikakaa, nikaegemea ule mlango wa mbao. Baada ya muda nikamwona Bi Mwanahamisi anapanda taratibu, kigoda mkononi. Akakaa kando yangu kama mtu aliyekuja kuota jua. Halafu wakaanza kuja wale waliocheka jana. Mmoja, wawili, kisha kundi. Hakuna aliyeomba msamaha na mimi sikudai. Aliyekuja amekuja, ukianza kuhesabu nani alicheka, utakaa mlangoni peke yako mpaka uzeeni.

Jua lilipopanda, tajiri akaja na watu wa kufunga kufuli lake; lori lake alikuwa ameliacha chini barabarani. Mzee Kondo alikuwa naye, amevaa kofia yake mpya. Alipotuona, akageuka akamtuma mtu kwenda kuita mgambo.

Nitakuambia kweli: hapo niliogopa. Si fimbo. Niliogopa kuona vijana niliowafundisha wakimburuta bibi yangu. Walikuja wakikimbia kwa mstari, kama nilivyowazoesha, wakiongozwa na Ramadhani, mtoto wa jirani yetu, kijana mrefu mwenye aibu. Mzee Kondo akanyoosha kidole.

"Watoeni!"

Ramadhani akanisogelea. Akatazama chini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Ramadhani."

Akabaki amesimama, hajui amalizie vipi. Nami nikasimama, nikajifunga kanga kiunoni, nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Mgambo! Mguu... sawa!"

Mwanangu, visigino viligongana kwa mpigo mmoja. Mwili ukifundishwa vizuri hutii kabla akili haijauliza. Hata Ramadhani aliganda, kidevu juu. Tajiri akarudi nyuma kidogo.

"Niliwafundisha mgambo analinda nini?"

"Mali ya wananchi, afande!"

"Ghala hili ni la nani?"

Mzee Kondo akafoka, "Msimjibu! Hawa ni mgambo wangu mimi!" Ramadhani akamtupia jicho Mzee Kondo. Nilijua baba yake alikuwa anategemea shamba la kukodi kwa Mzee Kondo, kwa hiyo sikumharakisha. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo kwanza kisha kubwa:

"La wananchi, afande."

"Basi lilindeni. Nyuma... geuka!"

Wakageuka wote. Migongo yao ikawa kwetu, nyuso zao zikamtazama Mzee Kondo na tajiri wake. Nyuma yangu kina mama wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika ng'ambo ya bonde. Tajiri alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa vita. Alimuuliza Mzee Kondo, "Uliniambia hakuna mwenye neno?" Kisha akachukua kufuli lake akashuka mlima.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Moto huacha jivu linalounguza. Mzee Kondo alikwenda kushtaki kwamba nimefanya uasi. Afisa tarafa akaja kusikiliza, ukaitishwa mkutano, na watu walijaa hadi juu ya miti. Mzee Kondo alisema mengi, akamalizia, "Tangu lini mtetea akawika?"

Safari hii sikukaa.

"Ni kweli, mzee wangu, mtetea hawiki. Lakini mwewe akishuka, jogoo hukimbilia vichakani. Anayebaki uwanjani kupigania vifaranga ni mtetea."

Wakacheka tena. Ila mwanangu, kicheko nacho kina upande. Kilipotulia nikasema lililokuwa limenikaba miaka yote. "Vitani nilibeba watu waliopigwa risasi, barabara mbovu kuliko hii, na wakafika hospitali. Mdogo wangu hakupigwa risasi. Alikuwa anazaa. Tena kwao, katika nchi yenye amani, na hakufika Mkuyuni. Niambieni, nilikuwa nalinda nini kule?"

Nikaona mjomba wangu ananyanyuka. Nilidhani anakuja kunikalisha. Akasimama kando yangu, akainua mkono wake, akasema, "Zahanati." Mikono ikafuata, afisa tarafa akaihesabu akaandika, na neno uasi halikutajwa tena.

Uchaguzi wa kijiji ulipofika, nikagombea, nikashinda, japo si kwa wingi wa kujisifia. Usidhani baada ya hapo ilikuwa asali. Nesi wa kwanza alikaa muda mfupi akakimbia upweke. Dawa zilikuja, zikaisha, zikachelewa. Nilishuka mjini mara nyingi mno, nikakalia mabenchi ya ofisi hadi yakanifahamu. Karani mmoja aliniuliza, "Mama, mwenyekiti wenu amekutuma nini?" Nikamwambia, "Mwenyekiti wetu hakumtuma mtu. Amekuja mwenyewe, na ndiye anayekutazama." Akaniletea kiti. Baadaye nilikuwa diwani, na baadaye tena nikashindwa, nikamkabidhi aliyenishinda ofisi iliyofagiliwa. Sikulia. Mzee Kondo hakuitikia salamu yangu mpaka kufa kwake, nami sikuacha kumwamkia. Wajukuu zake walizaliwa katika zahanati ile. Sikumkumbusha hata mara moja.

Sasa nasaha yangu ni hii. Watakuambia jeshi limekuharibu. Usibishane nao juu ya uanamke wako. Huo hukuupata kwao, na hawawezi kuuchukua. Wewe waulize habari ya maji ya mtaa, ya mtaro, ya shule isiyo na madawati, waone wenyewe ni nani asiye na jibu. Jeshini ulifundishwa kusimama. Usikubali uraiani ukafundishwa kuinama. Lakini amri nayo uitumie kama chumvi. Mimi niliwaamrisha mgambo kwa sababu walikuwa mgambo. Wananchi sikuwaamrisha hata siku moja, niliwauliza, nikangoja mikono yao. Na mtu anayekuja kusimama nawe amechelewa, mpishe nafasi kwenye kanga yako. Maji umekwisha yavulia nguo, mwanangu, huna budi kuyaoga. Watasema. Na waseme. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Futa uso, nenda ukachukue hiyo fomu ya kugombea. Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya watu, na goti jepesi mbele yake Yeye. Akupe adui mwenye haya na rafiki mwenye ulimi wa kukukaripia. Na mtaa wako, kwa mikono yako, upate heri. Amina.