Mwanariadha wa Baba Yangu

Niliporudi nyumbani Turbo kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, majirani walinipokea kama bingwa wa mbio ndefu. Mimi, ambaye utotoni nilikuwa nafukuzwa na batamzinga na kufikiwa.

Hiyo ilikuwa kazi ya baba yangu. Nilipolazwa Eldoret, watu walimuuliza niko wapi, naye akashindwa kusema ukweli. Akajibu kwamba kocha mmoja ameniona, amenipeleka kambi ya mazoezi huko Iten. Kwetu jibu kama hilo halimshtui mtu. Maboma mengi yana mtu aliye kambini, na aliye kambini huwa haonekani kwa miezi, simu yake imezimwa, na akirudi amekonda hakuna anayeuliza maswali. Uongo ulinitosha kuliko nguo yoyote niliyowahi kushonewa.

Shida ni kwamba ulihitaji kulishwa. Walipotaka kujua nitakimbia lini, Baba akasema nimeumia goti. Basi kina mama wa kanisa wakaanza kuliombea goti langu la kulia, Jumapili baada ya Jumapili, nami nimekaa palepale na goti zima kabisa, nasinzia kwa sababu ya dawa zangu. Nilikuwa nakasirika sana. Nilitaka kitu kimoja tu: Baba aseme mbele ya watu, hata mara moja, kwamba binti yake aliugua akili. Nilishamwomba. "Tutaona," alikuwa ananijibu, kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nikiwa wodini nilijifunza kuchora. Mwaka jana kikundi kimoja mjini kikaandaa maonyesho ya picha za watu waliowahi kulazwa, ili watu waache kutuogopa na kutucheka. Picha yangu ikachaguliwa. Nilimwalika Baba na kumwambia waziwazi maonyesho yenyewe ni ya nini. Akasema atakuja. Lakini alipokwenda kumwomba jirani yetu, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, amwangalizie ng'ombe, alisema tu kwamba kuna sherehe yangu mjini. Na mwanariadha hufanyiwa sherehe gani, kama si ya medali?

Siku hiyo nilikuwa nimesimama kando ya picha yangu nilipoona pikapu ya kubebea mahindi ikiegeshwa mlangoni. Kina mama wakashuka na sare zao, wanaimba wimbo wa kumpokea mshindi. Mwenyekiti alitangulia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha ambayo mkimbiaji hunyweshwa akishuka kwenye ndege. Baba alikuwa mbele na dereva, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa na shada la majani shingoni na mursik kidevuni, mbele ya daktari wangu. Daktari akapiga makofi. Nadhani aliona ni sehemu ya programu.

"Medali iko wapi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Hakuna medali, Mama. Kuna picha."

Akaigeukia. Nilikuwa nimechora benchi la wageni pale wodini. Wagonjwa wamekaa na pajama zao za buluu, na katikati yao mwanamume mwenye kofia magotini na mfuko wa ndizi mkononi, anatazama mlango.

"Kumbe hii ndio uniform ya camp!" akasema. Kisha akasogea karibu. "Na hii si kofia ya Mzee? Mzee, kuja uone, wamekuchora na team!"

Baba akaja. Sikuwa nimemwambia kwamba yumo. Alitazama kwa muda mrefu, akazigusa zile ndizi kwa kidole, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa kwa maandishi makubwa. Hakuna aliyemzuia. Mwendesha sherehe alikuwa amemwona mzee akiingia kwa nyimbo na vigelegele, akaamua huyu lazima ndiye mgeni wa heshima aliyechelewa. Akamkabidhi maikrofoni.

Baba alianza kama wazee wote wanavyoanza. Alisalimia, akamshukuru Mungu kwa mvua, akalalamikia bei ya mbolea. Kila alipopumua, kina mama walipiga vigelegele. Nilijua anatafuta mlango wa kutokea, na moyo wangu ukaanza kuvunjika. Ndipo akaitazama tena picha.

"Huyu ni msichana wangu," akasema. "Hajaenda camp. Hata mbio hajui. Alikuwa mgonjwa wa akili, huko wodi. Mimi nilikuwa naenda kumuona, nakaa kwa hiyo bench. Mkiniuliza natoka wapi, nasema kwa coach."

Mwenyekiti akakishusha kibuyu polepole.

"Na goti?" akauliza.

"Goti ni mzima. Haijawahi kuuma."

Nilimwona mwenyekiti akizikumbuka zile Jumapili zote, moja baada ya nyingine. "Sasa Mzee," akasema kwa uchungu wa kweli, "si ungetuambia tuombee kichwa?"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Daktari akacheka, kina mama wakacheka, hata mwendesha sherehe ambaye hakuwa ameelewa lolote. Baba hakucheka. Alikuja akainama karibu nami, maikrofoni bado iko mdomoni, akidhani tunaongea sisi wawili.

"Nimekuaibisha?" akanong'ona, na spika zikaitoa sauti yake hadi barabarani.

"Hapana, Baba," nikamwambia, na hiyo pia ikasikika kote.