Mwanamke Aliye Rika Moja na Kituo cha Treni

Florida Niyonkuru hupenda kusema kwamba yeye na kituo cha treni cha mtaani kwetu ni rika moja. Kituo kilichimbwa ndani ya mwamba, chini ya barabara kubwa ya mji wa Buffalo, Marekani, na treni ikaanza kupita katikati ya miaka ya themanini, wakati yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni huko Burundi. Majirani wazee wa mtaa wetu wa East Side bado wanasimulia jinsi vyombo vilivyotikisika kabatini kila baruti ilipolipuliwa huko chini. Florida huwasikiliza kwa wivu kidogo, kama mtu aliyekosa harusi.

Yeye alifika baadaye sana, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma alikokulia, akiwa amemshika mkono mwanawe Samsoni. Siku ya kwanza ngazi za umeme zilimshinda. Alisimama juu akizitazama zikimeza watu, mpaka mwanamke mmoja mnene akamshika kiuno na kushuka naye bila hata kumwuliza. Tangu hapo kila Mrundi mgeni anayehamia mtaani hufundishwa ngazi zile na Florida. "Usitazame miguu," huwaambia. "Tazama kofia ya aliye mbele yako." Hata mimi nilifundishwa, ingawa sikuwa na hofu yoyote; niliona aibu kumkatalia.

Kiangazi kilichopita Samsoni, ambaye sasa anafanya kazi kwenye ghala katika mji wa mbali wa Louisville, alikuja na gari kumchukua mama yake wakaishi pamoja. Masanduku mawili yalikwisha kuingia kwenye buti. Florida hakukataa, maana alikuwa amemkumbuka sana mwanawe, lakini hakuwa na raha. Aliwahi kukaa kwa dada yake katika mji wa Columbus, na huko hakutoka nje ila alipopatikana mtu wa kumwendesha. Louisville nako hakuna treni, na yeye hajui kuendesha gari.

Mchana huo rafiki yake Agata alikuja kutoka Kenmore kumuaga, nami nilikuwapo nikifunga sahani kwa magazeti. Agata alipoinuka kuondoka, Samsoni akachukua ufunguo.

"Mama Agata, nakupeleka kwa gari. Sasa hivi tu umefika kwako."

Agata akashika kiuno. "Sasa hivi! Nimekukosea nini mpaka unifukuze hivyo?"

"Mgeni husindikizwa kwa miguu," akasema Florida, naye alikwisha kuvaa viatu.

Tukatoka wote. Treni ilifika Agata akiwa katikati ya habari za posa ya mpwa wake, kwa hiyo Florida akapanda naye, nasi tukafuata. Ndani ya behewa mzee mmoja Mmarekani alimsalimu Florida kwa jina, binti mmoja akampisha kiti, na mama wa Kikongo akamwuliza kama goti limepona. Samsoni alitazama tu. Kituo cha mwisho tulishuka. Agata, badala ya kulifuata basi lake la Kenmore, akasema hawezi kutuacha peke yetu namna ile, akapanda tena ili aturudishe nusu ya njia.

"Mama Samsoni, sasa huyo bwana harusi," akaendelea, "unajua alichosema mbele ya wazee?"

"Jamani, safari hii inaisha lini?" Samsoni akauliza.

"Habari zikiisha," mama yake akamjibu.

Agata aliposhuka, kijana akamgeukia mama yake.

"Mama, Louisville wageni wako utawasindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye gari lako. Wewe si utawapeleka?"

"Mimi niko zamu ya usiku. Mchana nalala."

"Basi nao watalala hapo hapo. Utawapisha kitanda."

Samsoni akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akauegemeza mkono wake begani kwa mama yake.

"Baki, Mama. Nitakuwa nakuja mimi."

Tulipofika nyumbani alifungua buti, akabeba masanduku yote mawili kuyarudisha ghorofani, akilalamika kwamba mama yake amepakia mawe. Florida alimfuata nyuma, akimwonya asikwaruze ukuta wa watu.