Shahidi wa Mpaka Apanda Helikopta

Nkanka ni rasi ya Rwanda iliyojichomeka ndani ya Ziwa Kivu kama kidole ndani ya bakuli la mchuzi, na watu wake, kama mtu yeyote aliyetia kidole mchuzini, hawapendi kugawana. Ndiyo maana palihitajika mtu kama Mzee Harelimana.

Kazi yake haikuwa na mshahara, wala muhuri, wala kiti cha kuzunguka. Alikuwa shahidi wa mipaka. Ndugu wakigombea shamba, au jirani akisogeza ua wake hatua mbili huku akisingizia mvua, Harelimana aliitwa. Alivua viatu, akasimama mahali mpaka ulipoanzia, akatembea hadi ulipoishia. Palipokanyagwa na nyayo zake ndipo pakawa mpaka. Kisha wote walikaa chini wakanywa urwagwa, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja, aliyeshindwa akitangulia. Siku hizi aliyeshindwa hanywi. Anakata rufaa.

Shahidi alikuwa na mwiko wake. Tangu siku ya malalamiko hadi siku ya kutembea mpaka, asitie kinywani kitu cha upande wowote: si pombe, si maji, si punje ya hindi. Na kabla hajasema neno, mmoja wa waliohudhuria alimwuliza mbele ya wote, "Umekula nini cha hawa?" Akiwa amekula, alinyamaza na kurudi kwake. Mwaka wa sabini na nane Harelimana mwenyewe alimfunga mdomo Mulume, shahidi aliyemzidi umri, kwa sababu ya kiazi kimoja cha kuchoma. Mulume aliondoka bila kugeuka nyuma, na hakuitwa tena popote hadi alipozikwa. Harelimana aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara kiazi kilizidi kuwa kidogo.

Kwa miaka kumi sasa hakuna aliyeuliza lile swali. Wapatanishi wa kijiji walikuwa vijana wenye kalamu mbili mfukoni, na walikuwa na haraka ya kwenda kwenye semina. Jambo hilo lilimchoma mzee kuliko baridi yabisi ya magotini.

Basi katika mwaka ule wa kuandikisha ardhi, kila mtu alipotaka kila jani lipate karatasi yake, ikazuka kesi ya Nyirabagenzi. Alikuwa mjane mwenye kipande chembamba cha shamba kilichoshuka hadi majini, maharage juu, viazi vitamu chini. Jirani yake alikuwa Muderhwa, mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo huko Kongo, aliyetajirika mjini Kamembe kwa vitenge na saruji, kisha akajenga hoteli ufukweni. Hoteli ilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Muderhwa akapanda maua yake hatua tisa ndani ya viazi vya mjane, akaweka meza na miavuli, akasema hapo pamekuwa pake tangu aliponunua. Aliyemwuzia alikuwa ameshakufa, jambo ambalo huwasaidia sana wanunuzi. Ule ua wa zamani wa miyenzi, mimea yenye utomvu mweupe ambayo wazee waliipanda kuonyesha mipaka, ulikuwa umeng'olewa. Shahidi akabaki mmoja.

Muderhwa hakuwa mjinga. Alituma paja la mbuzi na kreti la bia. Harelimana akavirudisha mwenyewe, akitembea nyuma ya mbebaji ili kila nyumba ione, na pale hotelini akampa tajiri somo la saa nzima juu ya mwiko wa shahidi, na juu ya Mulume na kiazi chake. Muderhwa alisikiliza kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo Mzee, hata maji?"

"Hata maji."

"Na muntu akikula kidogo tu, bila kujua?"

"Tumbo linajua."

"Aa, ile ilikuwa sheria," alisema Muderhwa, akitikisa kichwa kwa heshima. "Siku hizi bantu habana sheria, beko na papier tu, makaratasi."

Harelimana alirudi nyumbani akisema kwamba yule tajiri, licha ya unene wake, alikuwa na akili.

Wiki moja kabla ya siku ya kesi hoteli ikazinduliwa, na Muderhwa akakodi helikopta kutoka Kigali kwa siku mbili. Ilitua katika uwanja wa ndege wa Kamembe, na kila baada ya robo saa ilipandisha wageni watatu kuwaonyesha mji na ziwa. Wengi wao waliishi kwenye mji huohuo na kuoga kwenye ziwa hilohilo, lakini inaonekana macho ya mtu wa leo hayaoni kitu mpaka yakilipiwa. Siku chache kabla haijaja, Muderhwa alimtumia Harelimana ujumbe: Mzee wetu, mlinzi wa mila, tunaomba utupe heshima ya kupanda.

Mzee alifikiri siku mbili. Alipekua kumbukumbu yake yote, ya baba na ya babu, na hakupata mwiko wowote juu ya helikopta. Bia huingia kinywani. Nyama huingia kinywani. Helikopta haimezwi, yenyewe ndiyo inayokumeza wewe. Zaidi ya hayo, shahidi atakayeuona mpaka kutoka juu, jinsi Mungu anavyouona, atakuwa shahidi wa aina gani?

"Kwa hiyo unaenda kwa ajili ya kazi," alisema mkewe, Mukantwari.

"Kwa ajili ya kazi, Mama Feza."

"Na koti la harusi ya Feza unalivaa kwa ajili ya kazi."

"Huko juu kuna baridi."

"Papa Feza, kama unataka kupanda ile kintu kama batoto ba shule, sema unataka. Nitakupigia koti pasi vilevile."

Koti lilipigwa pasi.

Uwanjani walimnyang'anya fimbo yake, wakamwambia haiwezi kukaa karibu na panga za ile mashine. Miaka ishirini hakuna aliyemwona bila fimbo. Wakamfunga mikanda kama mtumba wa nguo, wakamvika masikioni vikopo viwili vyenye sauti ya rubani ndani yake. Muderhwa akaketi ubavuni mwake. Mbele alikaa mama mmoja kutoka Kigali aliyejipiga picha tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye nadhani hadi leo hajui kwamba nje palikuwa na ziwa.

Ardhi ikaanguka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: wao walikaa palepale, ardhi ikaanguka. Harelimana alishika goti lake kwa mkono mmoja na goti la Muderhwa kwa mwingine.

Kisha akaiona Kamembe. Aliijua ikiwa barabara moja, msikiti, maduka ya Waswahili na mafundi wa baiskeli. Sasa mabati yalikuwa yametandazwa vilimani kama sambaza, wale dagaa wa ziwa, walioanikwa juani. Ng'ambo ya Mto Rusizi, Bukavu ilining'inia juu ya ziwa, nyumba juu ya nyumba, kama kwamba kila moja ilipanda mgongoni mwa mwenzake ili ichungulie Rwanda. Pale mpakani wanawake walikuwa wakivuka na beseni vichwani. Kutoka juu hukuweza kujua nani anakwenda na nani anarudi, nani Mshi wa Bukavu na nani Mnyarwanda, na askari wa pande zote mbili walikuwa na ukubwa wa chawa. Mzee alicheka peke yake. Ilimwingia raha ambayo hakuwa ameitarajia, raha ya kitoto, na kwa dakika tatu hivi hakusikitikia kitu chochote kilichopotea.

Ndipo ikaja Nkanka, na Harelimana akauona mpaka.

Ua ulikuwa umeng'olewa, lakini ardhi haikusahau. Kutoka kisiki cha mkuyu kule juu hadi jiwe jeusi majini ulishuka mstari wa kijani kilichokolea, ulionyooka kama uzi wa fundi. Ulipita katikati ya maua ya hoteli, ukapita chini ya miavuli, ukaacha meza sita upande wa mjane. Ulikuwa ni uleule. Kila hatua aliyoitembea na baba yake mwaka wa hamsini na sita ilikuwa mahali pake.

Akasahau vikopo, akasahau mikanda. Akaelekeza kidole kwenye kioo, akapiga kelele, "Ule pale! Ule pale, umeuona?"

Muderhwa alikuwa ameuona. Alikifuata kile kidole tangu kisiki hadi majini, pole pole, kama mtu asomaye barua ya benki. Rubani alipoanza kushuka, Muderhwa akatia mkono mfukoni, akatoa bombo, ile peremende ya mnanaa iliyofungwa kwa karatasi, akaimenya yeye mwenyewe.

"Papa, weka ku kinywa. Tunashuka, masikio itaziba."

Masikio yalikuwa yameanza kuziba kweli. Harelimana, macho yakiwa bado yamenasa kwenye mstari wake, akafungua mdomo kama kifaranga.

Alikumbuka wakiwa wameshatua. Bombo lilikuwa limebaki kipande kama ukucha. Akakitema kwenye kiganja, akakitazama, akatazama mgongo wa Muderhwa uliokuwa unakwenda kupeana mikono na wakubwa. Wiki nzima hakumwambia mtu. Mukantwari alimwuliza angani kulikuwaje, akasema kulikuwa na upepo.

Siku ya kesi walikusanyika kwenye kisiki cha mkuyu. Kalisa, mwenyekiti wa wapatanishi, alikuwa na daftari na vigingi kumi. Nyirabagenzi alisimama na jembe lake begani, kwani alitoka shambani na alikusudia kurudi. Muderhwa alikuja na suti na wanasheria wawili wasiohitajika. Harelimana alisimama bila viatu. Muda wote alikuwa akiomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba maishani: wasiulize lile swali. Miaka kumi amewalaani kwa kulisahau; leo aliwabariki.

"Mzee, tuambie," alisema Kalisa, akitazama saa. "Mpaka unapita wapi?"

Harelimana alifungua mdomo.

"Samahani, président," alisema Muderhwa kwa upole. "Miye ni mugeni, lakini ninaheshimu mila. Mzee mwenyewe alinifundisha. Kwanza banamwuliza amekula nini."

Watu wakatazamana. Wazee wawili waliobaki wa enzi zile wakaguna kwa kukubali; walikuwa wamelisahau swali, wakaona aibu kukumbushwa na mtu wa Bukavu.

"Haya," alisema Kalisa. "Mzee, umekula nini cha hawa?"

Ziwa lilikuwa tulivu. Harelimana alisema, "Bombo."

Walicheka. Hata wanasheria walicheka. Kalisa alijifuta macho. "Mzee wangu, sheria haijui bombo. Bombo si rushwa. Sema tu, twende."

"Siwezi."

"Nimekuruhusu mimi."

"Wewe hukuwepo, Kalisa. Nilimfunga Mulume mdomo kwa kiazi. Nikisema leo, nilimwonea."

Ndipo Nyirabagenzi aliposhusha jembe. "Mulume amekufa," alisema. "Mimi niko muzima. Kwa hiyo shamba yangu inaenda juu ya utamu wa kinywa chako? Ulienda kutafuta nini kule juu, Mzee? Hapa chini ulikuwa hauoni?"

Harelimana alilijua jibu. Angani alikuwa ametafuta kutazamwa. Alikuwa mzee aliyesahauliwa, mtu mmoja akamwita mlinzi wa mila, akafuata wito kama mbuzi afuataye chumvi.

Muderhwa alikuwa ameshamwomba Kalisa aandike kwamba shahidi hayupo. Kalisa akafungua kalamu. Na hapo mjane akamsogelea Harelimana, akamtazama kuanzia mdomoni hadi miguuni, akakaa akitazama miguu.

"Kinywa kilikula," alisema. "Hii miguu, ilikula nini?"

Hakuna aliyecheka.

Harelimana aligeuka akatembea. Hakusema neno. Alishuka kutoka kisikini akipita kati ya viazi, kisha akaingia katika maua ya hoteli bila kupunguza wala kuongeza mwendo. Chini ya miavuli mgeni mmoja alikuwa akila sambaza wa kukaanga. Aliinua miguu, mzee akapita. Nyuma yake Nyirabagenzi alichimba kwa ncha ya jembe kila palipokanyagwa, na mmoja wa wale wazee akachukua vigingi mikononi mwa Kalisa bila kuomba. Mzee aliingia majini hadi magotini, akaweka kiganja juu ya jiwe jeusi, akasimama.

"Kutembea si ushahidi," alisema Muderhwa, sauti yake safari hii ikiwa haina upole. "Hakusema kitu. Andika, hakusema kitu."

"Patron, ni wewe ulitaka mila," alijibu Kalisa. "Katika mila mpaka ni nyayo. Nilikuwa mudogo, lakini hiyo niliiona."

Meza sita zilihamishwa kabla ya adhuhuri, na mgeni akamalizia sambaza wake amesimama. Muderhwa alisema atakata rufaa, na alikata, na huko walikosomea daftari la Kalisa waliona vigingi kumi na saini za watu kumi na wanane, wakaacha mambo kama yalivyo.

Saini ya kumi na tisa haikuwepo. Siku ileile ya vigingi Kalisa alimnyooshea Harelimana kalamu pale majini, suruali ya mzee ikichuruzika maji.

"Tia saini hapa, Mzee. Mahali pa shahidi."

"Hapakuwa na shahidi."

"Sasa niandike nini? Hapa hapawezi kubaki wazi."

"Andika alikuwa na kitu kinywani."

Kalisa alimtazama kuona kama anatania. Kisha akaandika hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri juu yake. Harelimana akachukua viatu vyake akapanda kilima. Kesi nyingine ilipokuja, mwezi uliofuata, walimwendea. Akawajibu kutoka ndani, bila kufungua mlango, kwamba watafute mtu mwingine. Walitafuta. Hawakupata.