Kiangazi Mama Alipowalimia Majirani

Sisi tuliokulia Bwiza, mtaa wa mjini kando ya ziwa, miaka ile uhuru ungali mpya, tulijua kiangazi kimefika hata kabla mwalimu hajatangaza likizo kubwa. Vumbi liliingia mpaka ndani ya sufuria, mabati yalichoma, na jioni kila nyumba ilitoa mikeka nje huku redio za baa zikigombana. Wenzetu walishuka ziwani kuogelea. Sisi tulipandishwa mlimani, juu ya kamio, lori lililokuwa likienda kuchukua viazi, tumekalia magunia matupu. Mimi Zaina, kifungua mimba, nilikuwa na kazi ya kuwashika wadogo zangu wawili wasirushwe kwenye kona.

Baridi ya kule msiniulize. Watoto wa leo wakipigwa na feni kidogo tu wanakohoa. Sisi tulilala kitanda kimoja katika kijumba cha marehemu Babu, chumba kimoja na jiko, paa la nyasi, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata choo hukioni. Tulivaa nguo zote tulizobeba, gauni juu ya gauni, na bado meno yaligongana. Lakini utamu wa chakula! Viazi vya kuchoma kwenye majivu, ukikipasua kimoja mvuke unakupiga usoni, na njegere mbichi tulizozitafuna shambani kama peremende. Jua likitoka tulikata matawi ya mikaratusi, tukayakalia, tukateleza mteremko mzima mpaka bondeni, nguo zikichanika, na Mama juu anapiga kelele: "Mutashona wenyewe!" Na kweli tulishona wenyewe. Mjukuu wangu kifungo kikimtoka anatupa shati.

Mwaka mmoja lakini hatukwenda kucheza. Babu alikuwa ameacha kipande cha shamba bondeni, pale ambapo maji hayakauki, na ndipo watu wa kule hupanda kabichi na viazi wakati milima yote imekuwa ya kahawia. Baba alikuwa fundi wa magari mjini, mtaa wa Quartier Asiatique, na bosi wake hakumpa ruhusa. Kaka yake, tuliyemwita Baba Mukubwa, ndiye aliyebaki kule mlimani, akatuma neno: kipande hicho kikilala kiangazi kingine bila kulimwa, wazee watakigawa kwa wenye mikono. Baba alishinda na mawazo, hata chakula hakugusa. Mama akafunga kanga kiunoni, akasema, "Nitalima mi." Mama huyo alizaliwa Bwiza, na maishani mwake hakuwahi kupanda hata mchicha.

Bonde lilikuwa limejaa matete, na mtu mmoja hawezi kulifungua. Kule ukiwa na kazi nzito unaita majirani, wanakuja na majembe yao, ndiyo inaitwa ikibiri, na mwenye shamba anaandaa mtungi wa pombe. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana Mama alikuwa Mwislamu wa kuswali swala tano.

"Pombe haitaingia mu nyumba yangu, apana," alimwambia Baba Mukubwa. "Nitawapikia chai."

Baba Mukubwa, aliyewahi kubeba mizigo bandarini na kujifunza Kiswahili huko, alicheka mpaka akashika mbavu. "Chai ni ya wagonjwa, shemeji."

Mama hakujali. Alipika sufuria nzima ya chai ya tangawizi, akakaanga mandazi, akavaa kanga mpya na kusimama ukingoni mwa shamba akipokea wageni kama tunavyofanya kwenye harusi Bwiza, ambako mwenye shughuli hakutwi na mikono michafu. Watu walilima mpaka mchana, wakanywa, wakala, wakashukuru kwa adabu. Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa vilevile. Kipande hakikuwa kimefunguliwa hata nusu. Niliogopa sana mwaka ule. Niliogopa kwamba tutarudi mjini kumwambia Baba hana tena kwao.

"Ni pombe tu inawasumbua," Mama alisema, macho yamemvimba.

"Si pombe," Baba Mukubwa akajibu. "Chai waliipenda. Ni we. Ulisimama pale juu unakoroga sukari, wanakuangalia. Mwenye kuita watu analima mbele yao, na kesho analima kwao. We ulifikiri pombe ndiyo malipo?"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri hata Bwiza watu wanajua hiyo!"

Asubuhi iliyofuata Mama alivua kandambili na kanga nzuri, akashuka bondeni kwa mama mmoja mjane aliyepakana nasi, akaingia kwenye tope bila kusema neno zaidi ya salamu. Sisi watoto tukamfuata kuzoa matete. Tope lilikuwa baridi mpaka mifupani. Jembe la Mama lilikwenda upande, wanawake wakacheka wee, kisha yule mjane akamshika mikono na kumwonyesha mahali pa kuushikia mpini. Tulilima kwake, tukalima kwa jirani mwingine, juma zima, mpaka viganja vya Mama vikatoka malengelenge na jioni hawezi kushika kijiko.

Halafu asubuhi moja, bila kuitwa, walikuja. Kilima kizima! Mama alikuwa mbele, tope magotini, akiimba nao Kirundi asichokijua vizuri, na kufikia mchana shamba lote lilikuwa wazi. Chai ilinywewa mpaka majani, na mjane akalalamika kwamba mara ile ya kwanza sukari ilikuwa kidogo. Tulipanda kabichi na viazi, na kabla hatujashuka mjini kuanza shule, Baba Mukubwa alipanda miti ya mpaka mbele ya wazee na kutangaza kwamba hapo ni kwa Mama Zaina. Jina la Baba hakulitaja kabisa. Baba aliposikia alisema, "Kumbe mi ni mugeni kwetu!" Nilimwona amefurahi mno.

Siku hizi ukitaka kulima unapiga simu, vibarua wanakuja, wanamaliza, wanaondoka bila hata kukuuliza jina. Kazi inakwenda haraka, sikatai. Majuzi niliwapandisha wajukuu zangu kule, na hata hatujashuka garini walishaanza kuuliza mtandao uko wapi. Nilimkuta bondeni binti mmoja anapalilia, nikamuuliza shamba lile ni la nani. Binti huyo hakumjua Baba yangu, wala Babu hakuwahi kumsikia. Akanyoosha mkono: "Pale? Pale ni kwa Mama Zaina." Na Mama yangu yuko kaburini miaka mingi sasa. Mimi nimezeeka Bwiza, katika nyumba ileile, na mgeni wangu akipotea njia akauliza kwa Zaina ni wapi, jirani tunayetenganishwa na ukuta tu anamwambia mtu wa jina hilo hamjui.